Supakondakta na Feromagneti katika Tando Nyembamba: Somo la Ukinzani Sumaku kwa Wahudumu wa Afya

Kila pigo la moyo hutanguliwa na mkondo mdogo wa umeme, na kila mkondo wa umeme, uwe katika waya wa shaba au katika misuli ya moyo, huzungukwa na uga sumaku. Hayo tuliyasoma sote sekondari. Tusichokisoma ni udogo wa uga huo. Uga sumaku wa dunia, ule unaoelekeza dira, una nguvu ya takriban mikrotesla 33 katika maeneo yetu ya karibu na ikweta. Uga wa moyo wa mtu mzima, ukipimwa juu ya kifua, ni makumi ya pikotesla, yaani ni mdogo kuliko ule wa dunia kwa mara laki kadhaa hadi milioni moja. Uga wa moyo wa kijusi kilicho tumboni ni pikotesla chache tu. Uga wa ubongo ni mdogo zaidi, nao hukadiriwa kwa mamia ya femtotesla. Femtotesla ni sehemu moja ya elfu ya pikotesla.

Somo letu la leo linahusu tando za metali na za oksidi, nyembamba kuliko chembe nyekundu ya damu kwa mara mamia, ambazo ukinzani wake wa umeme hubadilika zinapoguswa na uga sumaku. Ni somo la fizikia, nalo limeandikwa na daktari kwa ajili ya madaktari, wauguzi, wakunga na wataalamu wa maabara. Msomaji asiogope: hakuna mlinganyo hata mmoja.

Kwa nini tupime sumaku ya moyo

Anayemiliki mashine ya kupima umeme wa moyo, ECG, anaweza kuuliza kwa haki kabisa: sumaku ya nini? Kwa mtu mzima jibu bado linajadiliwa, na binafsi sidhani kwamba tumefikia hatua ya kuiweka ECG kando. Kwa mtoto aliye tumboni jibu ni tofauti.

Kuanzia wiki ya 28 hivi ya ujauzito, ngozi ya kijusi hufunikwa na tabaka jeupe lenye mafuta. Wakunga wanalijua vizuri, kwani hulifuta kila siku. Tabaka hilo ni kihami cha umeme. Katika majuma yale ambayo moyo wa mtoto umekua vya kutosha kutoa ishara nzuri, ishara yenyewe huzuiwa isifike kwenye ngozi ya tumbo la mama. Uga sumaku hauzuiwi hivyo. Hupita katika mafuta, katika maji ya uzazi na katika ukuta wa tumbo kana kwamba havipo.

Kipimo cha mawimbi ya sauti, yaani ultrasound, hutuonyesha namna kuta za moyo zinavyocheza na namna damu inavyopita. Hutuambia kwamba moyo wa kijusi unapiga mara 70 kwa dakika badala ya 140. Hakituambii muda ambao misuli ya ventrikali huchukua kujichaji upya baada ya kila pigo. Muda huo, ambao kwenye karatasi ya ECG tunauita QT, ukirefuka kwa sababu ya urithi wa vinasaba, mtoto anaweza kupata mapigo ya hatari yanayoua ghafla, tumboni au baada ya kuzaliwa. Kwenye ultrasound mtoto huyo anaweza kuonekana mzima, ila moyo wake huenda taratibu kidogo. Kipimo cha sumaku ya moyo wa kijusi ndicho kinachoweza kuupima muda huo kabla ya kuzaliwa.

Historia ya kipimo hicho si ndefu. Mwaka 1963, huko Syracuse katika jimbo la New York, Gerhard Baule na Richard McFee waliunasa uga wa moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza kwa koili mbili, kila moja ikiwa na mizunguko ya waya ipatayo milioni mbili. Mwaka 1970 David Cohen, Edgar Edelsack na James Zimmerman walichapisha rekodi iliyo safi zaidi, waliyoipata ndani ya chumba kilichokingwa dhidi ya sumaku za nje, wakitumia kifaa cha supakondakta kiitwacho skwidi. Tangu hapo skwidi imekuwa ndiyo mfalme wa vipimo hivi. Ni kifaa hodari kwelikweli, lakini kwa kawaida hufanya kazi ikiwa imezamishwa katika heliamu kimiminika, kwenye baridi ya kelvini 4.2, sawa na nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwa hospitali nyingi za dunia, zetu zikiwemo, sharti hilo peke yake linafunga mjadala.

Swali basi ni hili: je, utando mwembamba usiohitaji baridi kali kiasi hicho unaweza kuuhisi uga mdogo namna hii? Ili kulijibu yatupasa kuanza na ukinzani.

Ukinzani unaobadilika

Mwaka 1856 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aligundua kwamba ukinzani wa chuma na nikeli hubadilika vikitiwa usumaku: huongezeka kidogo usumaku unapoelekea upande mmoja na mkondo wa umeme, na hupungua kidogo unapoukata mkondo kwa upana. Mabadiliko hayo ndiyo ukinzani sumaku. Yalikuwa asilimia chache tu, na kwa miaka zaidi ya mia moja hayakukua sana.

Mwaka 1988 makundi mawili, la Albert Fert huko Orsay, Ufaransa, na la Peter Grünberg huko Jülich, Ujerumani, kila moja kivyake, yalipanga tando za chuma na kromiamu kwa zamu, moja juu ya nyingine, kila utando ukiwa na unene wa nanomita chache. Katika sampuli za Orsay, kwenye baridi ya heliamu kimiminika, ukinzani ulishuka hadi takriban nusu uga sumaku ulipowekwa. Jambo hili likaitwa ukinzani sumaku mkubwa. Kufikia mwaka 1997 lilikwisha kuingia katika vichwa vya kusomea diski za kompyuta, na mwaka 2007 Fert na Grünberg walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Sababu yake inaeleweka kwa mfano wa mpira wa miguu, ambao nautumia darasani ingawa wenzangu hunicheka. Kila elektroni ina sifa iitwayo spini, ambayo kwa mahitaji yetu ina hali mbili tu: juu au chini. Tuseme elektroni za spini ya juu ni mashabiki wa Simba na za spini ya chini ni mashabiki wa Yanga. Mashabiki wote wanaelekea uwanjani kwa kupita milango miwili iliyofuatana. Utando wa feromagneti, yaani wa kitu kama chuma, nikeli au kobalti ambacho sumaku zake ndogo za ndani hujipanga zenyewe upande mmoja, ni mlango wenye bawabu mwenye upendeleo. Mabawabu wote wawili wakiipendelea Simba, mashabiki wa Simba watapita kwa wepesi milango yote, na kwa jumla watu wengi wataingia. Bawabu wa kwanza akiipendelea Simba na wa pili Yanga, kila shabiki atakwama mahali fulani, na foleni itakuwa ndefu. Kwa hiyo tando mbili za feromagneti zikielekea upande mmoja ukinzani ni mdogo. Zikipingana, ukinzani ni mkubwa. Uga sumaku wa nje ndio unaowageuza mabawabu.

Msomaji aukumbuke mpangilio huu, maana sasa tutauona ukipinduliwa.

Jozi zinazovunjika

Mwaka 1911, katika maabara ya Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden, Uholanzi, ukinzani wa zebaki ulionekana kutoweka ghafla ilipopozwa hadi karibu na kelvini 4.2. Kitu chenye tabia hiyo ndicho supakondakta. Kina tabia ya pili isiyo ndogo kuliko ya kwanza, iliyoonwa na Walther Meissner na Robert Ochsenfeld mwaka 1933: huufukuza uga sumaku kutoka ndani yake, kwa kuzalisha mikondo ya umeme usoni pake inayoupinga uga ule.

Maelezo ya kina yalikuja mwaka 1957 kutoka kwa John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer. Ndani ya supakondakta za kawaida elektroni hazisafiri moja moja, bali mbili mbili, na katika kila jozi spini moja ni ya juu na nyingine ni ya chini. Kwa mfano wetu, ni shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga wameshikana mikono. Nakiri kwamba kwa watani hawa wa jadi hali hiyo yahitaji baridi kali sana. Jozi hizi hazibanani. Katika niobiamu safi wenzi wawili wanaweza kuwa mbali kwa nanomita zipatazo 38, na kati yao zimepita jozi nyingine chungu nzima.

Hapa ndipo uadui unapojitokeza. Feromagneti inataka spini zote zielekee upande mmoja. Jozi ya supakondakta inataka spini mbili zinazopingana. Vitaly Ginzburg alikwisha kuonyesha mwaka 1956 kwamba hali hizi mbili haziishi kwa amani ndani ya kitu kimoja. Lakini je, zikiwekwa jirani? Utando wa supakondakta ukilazwa juu ya utando wa chuma, jozi zilizo karibu na mpaka huchungulia upande wa pili, na huko, katika nanomita moja au mbili tu, huvunjika. Hasara hiyo hurudi nyuma: supakondakta yenyewe hudhoofika, na halijoto ambayo ukinzani wake hutoweka hushuka. Utando wa supakondakta ukiwa mwembamba mno, hali ya usupakondakta hufutika kabisa.

Sasa tuweke supakondakta nyembamba katikati ya feromagneti mbili, kama nyama katikati ya vipande viwili vya mkate. Wazo la muundo wa aina hii lilijadiliwa na Pierre-Gilles de Gennes mwaka 1966, na mwaka 1999 lilifufuliwa kwa sura mpya na Lenar Tagirov, na pia na Alexandre Buzdin na wenzake. Feromagneti zote mbili zikielekea upande mmoja, jozi iliyo katikati huvutwa na kuta zote mbili kuelekea spini ileile, na maumivu hujumlishwa. Zikipingana, ukuta mmoja huvuta kuelekea Simba na mwingine kuelekea Yanga. Jozi ambayo ni kubwa kiasi cha kuzigusa kuta zote mbili kwa pamoja huona mivuto ikifutana, nayo husalimika. Kwa hiyo safari hii tando zikipingana ndipo ukinzani unapokuwa mdogo, kinyume kabisa cha matokeo ya Orsay na Jülich.

Nadharia ilipendeza. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliipima kwa utando wa niobiamu uliobanwa na tando mbili za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Tofauti ya halijoto ya mpito kati ya mpangilio mmoja na mwingine ilionekana, na upande wake ulikuwa sahihi, lakini ilikuwa sehemu sita tu za elfu za kelvini.

Je, tofauti ndogo hivyo ina maana yoyote? Ina maana, na anayejua fiziolojia ya hemoglobini ataelewa upesi kuliko mwanafizikia. Mchoro wa hemoglobini na oksijeni una sehemu tambarare na sehemu ya mteremko mkali. Kwenye tambarare, shinikizo la oksijeni linaweza kushuka sana bila kipimo cha kidoleni kutikisika. Kwenye mteremko, badiliko dogo tu la shinikizo huporomosha ujazo wa oksijeni. Mchoro wa ukinzani wa supakondakta dhidi ya halijoto una sura inayofanana na hiyo: juu ni tambarare ya ukinzani wa kawaida, chini ni sifuri, na katikati ni ukuta unaokaribia kusimama wima. Ukiishikilia sampuli katikati ya ukuta huo, msogeo wa elfu chache za kelvini hugeuka kuwa badiliko kubwa la ukinzani.

Kwa sababu hiyohiyo tarakimu za fani hii zinahitaji kusomwa kwa jicho la mkaguzi. Mwaka 2005 kundi la Madrid, Hispania, lilitangaza ukinzani sumaku unaozidi asilimia 1,000 katika tando za oksidi: supakondakta yenye yitriamu, bariamu na shaba iliyopakana na feromagneti yenye lanthanamu, kalsiamu na manganizi. Asilimia 1,000 dhidi ya asilimia 50 za Orsay! Lakini asilimia ni sehemu, na sehemu ina kigawanyo. Hapa kigawanyo ni ukinzani ulio njiani kuelekea sifuri. Ukigawanya kitu kwa takriban sifuri utapata namba kubwa upendavyo. Tumelikuta jambo hili katika majaribio ya dawa: ugonjwa ukipungua kutoka watu wawili katika laki hadi mmoja katika laki, tangazo litasema hatari imepungua kwa asilimia 50, na halitakuwa limesema uongo. Sidharau kazi ya Madrid hata kidogo; ilikuwa nzuri na iliamsha wengi. Nasema tu kwamba asilimia za tando hizi zisilinganishwe na asilimia za tando zile.

Si kila homa ni malaria

Kazi ya Madrid ilikuwa na jambo lingine la kushangaza. Ukinzani ulikuwa mkubwa pale feromagneti zilipopingana, si pale zilipoelekea upande mmoja. Yaani ulifuata desturi ya mabawabu, si nadharia ya jozi ya mwaka 1999. Watafiti wale walieleza kwamba elektroni zenye spini moja humwagika kutoka upande wa feromagneti na, zinapozuiliwa na bawabu wa pili, hurundikana ndani ya supakondakta na kuvunja jozi. Makundi mengine, yakitumia niobiamu na metali, nayo yaliona ukinzani ukipanda kwenye mpangilio wa kupingana. Mengine yaliona ukipanda kwenye mpangilio wa kufanana. Kwa miaka kadhaa majarida yalijaa ripoti zenye alama za kujumlisha na za kutoa.

Daktari anaifahamu hali hii. Mgonjwa ana homa. Si kila homa ni malaria. Dalili ni moja, ukinzani umepanda, lakini visababishi vinaweza kuwa viwili au zaidi, na vinaweza kuwapo kwa pamoja.

Kisababishi cha pili ni cha kawaida kuliko spini, na pengine ndiyo maana wengine hawakupenda kukitazama. Feromagneti haibadilishi uelekeo wake kwa ghafla kama swichi ya taa. Inapogeuka hugawanyika katika vikoa vidogo, kimoja kikielekea huku na kingine kule, na kwenye kuta za vikoa hivyo, na kwenye kingo za utando, uga sumaku huvuja nje. Uga huo uliovuja hupiga supakondakta iliyo jirani na kupenya ndani yake kwa umbo la vizingo vidogo vidogo. Mkondo wa umeme ukipita, vizingo husukumwa, na vizingo vikitembea ukinzani huzaliwa. Tatizo ni kwamba saa ya vikoa kuvurugika ni ileile ambayo feromagneti moja imegeuka na nyingine bado, yaani saa ileile tunayoiita ya kupingana. Visababishi viwili vinapiga hodi kwa wakati mmoja.

Hutenganishwaje? Kwanza, mtafiti anaweza kuweka utando wa kihami kati ya supakondakta na feromagneti. Kihami chenye unene wa kutosha huzuia elektroni na spini zake zisivuke, lakini hakizuii uga sumaku, kama vile tabaka la mafuta juu ya kijusi linavyozuia umeme na kuiachia sumaku ipite. Dalili ikiendelea kuonekana, mshtakiwa ni uga uliovuja. Pili, anaweza kuifunga feromagneti moja kwa kuigandisha juu ya dutu kama oksidi ya kobalti, ili igeuke kwa utaratibu na isivunjike katika vikoa ovyo. Tatu, apime usumaku na ukinzani kwa pamoja katika sampuli ileile, aone kama kilele cha ukinzani kinadumu muda wote feromagneti zinapopingana au kinajitokeza tu pale vikoa vinapovurugika. Hii ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu ni kama kuchukua historia ya mgonjwa: haihitaji kifaa kipya, inahitaji uvumilivu.

Sampuli zilipochunguzwa kwa utaratibu huo, sehemu kubwa ya athari zilizoshangaza ilionekana kuwa na mkono wa uga uliovuja, na athari ya spini ikabaki kuwa ya kweli lakini ndogo na yenye kuhitaji tando safi sana. Fizikia ya spini iliendelea mbele kwa njia nyingine. Kwa mfano, mwaka 2001 Sebastián Bergeret, Anatoly Volkov na Konstantin Efetov walibashiri kwamba, feromagneti isipoelekea upande mmoja tu, jozi zinaweza kubadilika zikawa za spini zinazofanana, nazo hizo husafiri mbali ndani ya feromagneti bila kuvunjika. Mwaka 2010 majaribio ya Marekani na ya Uingereza yaliunga mkono ubashiri huo. Watani waliamua kuvaa jezi moja. Lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Kihisi mseto

Turudi kwenye moyo. Huko Saclay, Ufaransa, kundi la Myriam Pannetier na Claude Fermon halikutaka kuitegemea jozi inayovunjika. Mwaka 2004 walichapisha kifaa ambacho supakondakta na feromagneti zimelazwa moja juu ya nyingine, na kati yake kuna kihami. Spini hazivuki. Kila utando hufanya kazi yake yenyewe, na kinachopita kutoka mmoja kwenda mwingine ni uga uliovuja tu. Kile ambacho katika maabara za jirani kilikuwa kero ya kuondolewa, hapa ndicho mjumbe.

Utaratibu wake ni huu. Supakondakta imekatwa kwa umbo la pete pana yenye kipenyo cha milimita kadhaa, na mahali pamoja pete imebanwa hadi kuwa nyembamba mno, mikromita chache. Uga wa moyo unapojaribu kupita katikati ya pete, supakondakta huupinga kwa kuzungusha mkondo. Mkondo huo, ambao katika sehemu pana umetawanyika, hulazimika kusongamana kwenye sehemu iliyobanwa, kama maji ya mto mpana yanapofika kwenye korongo. Kwenye korongo hilo uga unaozalishwa ni mkubwa kuliko uga wa awali kwa mara mamia. Na papo hapo, juu ya korongo, umelazwa utando wa ukinzani sumaku mkubwa, wa aina iliyozaliwa mwaka 1988, ambao huusoma uga uliokuzwa na kuugeuza kuwa badiliko la volti.

Kifaa cha majaribio kilikuwa na uwezo wa kupima femtotesla 32, na aina hii ya kihisi inaweza kufanya kazi hadi kelvini 77. Mwaka 2011 kundi hilo lilichapisha rekodi za sumaku ya moyo wa binadamu zilizopatikana kwa vihisi vya namna hiyo.

Udhaifu wake mkuu ni kelele. Tando za ukinzani sumaku zina mnong'ono wa ndani unaokua kadiri masafa yanavyokuwa madogo. Ishara za moyo ziko kati ya sehemu ya kumi ya hezi na hezi mia moja hivi, mahali hasa ambapo mnong'ono huo ni mkubwa. Supakondakta hukuza ishara bila kuukuza mnong'ono huo, na hiyo ndiyo faida yake; hata hivyo, kwa moyo wa kijusi wenye pikotesla chache, kila femtotesla ya kelele ina gharama. Wastani wa mapigo mengi husaidia kuonyesha umbo la wimbi na muda wa QT. Hausaidii pale tunapotafuta pigo moja la hatari lililotokea mara moja na kupita.

Baridi itoke wapi

Kelvini 77 si namba ya bahati nasibu. Ni halijoto ambayo naitrojeni huchemka, nyuzi 196 chini ya sifuri. Tangu J. Georg Bednorz na K. Alex Müller walipogundua supakondakta za oksidi mwaka 1986, na hasa tangu mwaka 1987 ilipopatikana oksidi ya yitriamu, bariamu na shaba ambayo ukinzani wake hutoweka chini ya kelvini 92 hivi, naitrojeni kimiminika imetosha kwa kazi ambazo zamani zilidai heliamu. Tofauti hii ni ya maisha ya kila siku. Naitrojeni kimiminika iko mikononi mwetu tayari: ndiyo inayohifadhi mbegu za madume kwenye Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha, na ndiyo ambayo madaktari wa ngozi huitumia kugandisha madoa ya awali kwa ndugu zetu wenye ualbino kabla hayajawa saratani. Hutokana na hewa. Heliamu husafirishwa kutoka mbali kwa bei inayopanda na kushuka kwa matakwa ya wengine. Ni kweli kwamba mwaka 2016 ilitangazwa hazina ya heliamu katika Bonde la Rukwa, lakini gesi iliyo chini ya ardhi na kimiminika kilicho ndani ya mashine ya hospitali ni vitu viwili vilivyotenganishwa na viwanda vingi.

Wapo wanaosema hata naitrojeni haihitajiki. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walionyesha sumaku ya moyo iliyopimwa kwa halijoto ya kawaida ya chumba, kwa tando za feromagneti zilizotenganishwa na kihami chembamba kiasi kwamba elektroni huweza kukivuka. Vipo pia vihisi vinavyotumia mvuke wa metali kama rubidi unaomulikwa kwa leza, navyo tayari vinatumika katika utafiti wa mioyo ya vijusi. Nikiulizwa kipi kitafika wodini kwetu kwanza, nitavitaja hivi vya mvuke. Lakini tando zina fadhila moja: hutengenezwa kwa mbinu zilezile za viwanda vya diski na vya chipu za kompyuta, na kinachotengenezwa hivyo kikishaanza kushuka bei hakisiti.

Kwa sasa kliniki zetu hazina kipimo hiki. Mama mjamzito mwenye kingamwili za anti-Ro, ambazo hupenya kondo na kuharibu njia ya umeme ya moyo wa mtoto, hufuatiliwa kwa ultrasound ya Doppler inayokadiria muda kati ya mkazo wa atria na wa ventrikali. Miongozo kadhaa hupendekeza kufanya hivyo kuanzia wiki ya 16 hivi hadi ya 26. Kwa familia yenye historia ya vifo vya ghafla vya vijana au vya watoto wachanga, mpigo wa taratibu wa kijusi usioelezeka uandikwe kwenye kadi ya mama, na mtoto apimwe ECG mara azaliwapo na arudiwe majuma machache baadaye, kwa kuwa QT ya siku za kwanza za maisha hupotosha.